Usiku Mmoja, Vifungu Vinne

"Ni kweli."

Kwa maneno hayo mawili, kesi nyingi za wizi huku Nyambene huisha kabla hazijaanza. Karani husoma shtaka kwa Kiingereza, hulirudia kwa Kiswahili, mkalimani akalitafsiri kwa Kimeru. Kijana aliye kizimbani, ambaye tangu Ijumaa amelala juu ya saruji katika seli ya polisi, hujibu. Hakimu huandika jibu kama lilivyotamkwa. Mwendesha mashtaka huinuka na kusoma maelezo: usiku wa tarehe fulani, shamba la fulani, miraa ya thamani ya shilingi kadhaa, mshukiwa akashikwa na majirani, akapelekwa kituoni, miraa ikapigwa picha na kurudishiwa mwenyewe kwa kuwa ingekauka. Kijana anaulizwa kama maelezo ni sahihi. "Ni kweli." Ana lipi la kusema kabla hajahukumiwa? "Naomba msamaha, Mheshimiwa. Nina mama mgonjwa." Kalamu inakwenda. Faini kadhaa, akishindwa kulipa, miezi kadhaa gerezani. Ana siku 14 za kukata rufaa. Anayefuata!

Utaratibu huo una mwenyewe. Uliwekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973 katika kesi ya Adan, na mahakimu wetu wanaujua kama sala: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake, maelezo yatolewe, apewe nafasi ya kuyakana, ndipo ahukumiwe. Kwenye karatasi hauna kasoro. Ila kijana asiye na wakili wala pesa ya dhamana huwa amepiga hesabu yake kabla hajapanda kizimbani. Akikana, atakaa rumande miezi akingoja mashahidi ambao huenda wasije. Akikubali, huenda akala chakula cha jioni kwao. Maneno yale mawili yana ukweli ndani yake, lakini yana hesabu pia.

Nimekalia mabenchi ya mahakama za Meru na Embu miaka mingi, mara nyingi upande wa washtakiwa, mara moja moja upande wa waliopoteza mali. Watu wa kwetu wanaamini adhabu hutoka kinywani mwa hakimu. Wakimkuta hakimu mkali wanasikitika, wakimkuta mpole wanashukuru au wanalaani, kulingana na upande waliokuja nao. Mimi naona adhabu huwa imekwisha kupimwa kabla hakimu hajaingia, katika karatasi moja iitwayo hati ya mashtaka, kwenye mstari unaotaja kifungu.

Chukua usiku mmoja. Mzee ametoka sokoni Maua kuuza miraa, anapanda kwa miguu njia ya Kiegoi. Vijana watatu wanatokeza kwenye ua wa shamba. Mmoja ana panga, lile panga la kila siku ambalo Igembe mwanamume hutoka nalo kama mwingine anavyotoka na mwavuli. "Baba, lete simu." Mzee anatoa simu na shilingi 700 zilizobaki mfukoni. Hapigwi, hasukumwi. Vijana wanatoweka. Kesho yake mmoja anashikwa akiwa na ile simu.

Sasa fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Tukio hili likiitwa wizi wa kawaida, ni kifungu cha 275, na kifungo hakizidi miaka 3. Likiitwa wizi wa kumchopoa mtu mwilini, ni kifungu cha 279, hadi miaka 14. Likiitwa unyang'anyi, ni 296(1), miaka 14 vilevile. Lakini 296(2) inasema mnyang'anyi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake mmoja au zaidi, au akimjeruhi au kumpiga mtu, huo ni wizi wa mabavu, na adhabu yake ni kifo. Mahakama ya Rufaa ilisema zamani, katika kesi ya Johana Ndungu ya mwaka 1996, kwamba mambo hayo si lazima yakutane yote. Moja likithibitika, limetosha. Vijana wetu walikuwa watatu. Walikuwa na panga. Wana mawili kati ya matatu, kwa simu ya elfu tatu na noti chache.

Kwa hiyo usiku ule ule na mikono ile ile inaweza kugharimu miaka mitatu au kitanzi, na anayechagua si hakimu. Hakimu huhukumu kilichowekwa mezani pake.

Nani hukiweka? Zamani ilikuwa polisi mwanzo hadi mwisho. Polisi alikamata, akaandika shtaka, na polisi mwenzake mwenye cheo akasimama mahakamani kuliendesha. Katiba ya 2010, kifungu cha 157, ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mamlaka hayo, ofisi yake ikapata sheria yake mwaka 2013, na mawakili wa serikali wakachukua nafasi ya wale mainspekta. Mwaka 2019 ofisi hiyo ilitoa mwongozo wa jinsi ya kuamua kama mtu ashtakiwe na kwa kosa gani, pamoja na sera ya kuwaondoa baadhi ya wakosaji kwenye mkondo wa mahakama kabla hawajashtakiwa. Ni hatua kubwa. Hata hivyo rasimu ya kwanza bado huandikwa kituoni, mara nyingi usiku, na mpelelezi ambaye mlalamishi amesimama mbele yake akipumua kwa hasira. Mpelelezi huandika kifungu kizito kuliko vyote vinavyoweza kubeba tukio, maana kifungu kizito hakimletei lawama. Asubuhi mwendesha mashtaka ana rundo la mafaili na dakika chache. Kukibadilisha kifungu kunataka sababu ya maandishi. Kukiacha kilivyo hakutaki chochote.

Baadaye kifungu hicho kizito hugeuka mtaji. Tangu mwaka 2008 sheria yetu ya mwenendo wa jinai ina mlango wa maafikiano, vifungu vya 137A na kuendelea, unaomruhusu mwendesha mashtaka na mshtakiwa wakubaliane shtaka lipunguzwe naye akiri. Mimi naupenda mlango huo. Umewaokoa watu wengi, na umewapunguzia walalamishi safari nyingi za matatu. Ila soko haliwi soko kama mmoja ana mizani na mwenzake hana hata macho. Mwambie mvulana wa miaka 19 asiye na wakili achague kati ya kesi ya kifo na kukiri unyang'anyi wa kawaida. Atakiri hata kama usiku ule alikuwa mbali, Mikinduri.

Nikitaja kifo msidhani natia chumvi. Kamba haijatumika Kenya tangu mwaka 1987, lakini hukumu zimeendelea kutolewa. Rais Kibaki alizigeuza za zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha mwaka 2009. Rais Kenyatta akafanya hivyo kwa 2,747 mwaka 2016. Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa muuaji bila kusikiliza hali yake ni kinyume cha Katiba. Magereza yalichangamka. Mahakama Kuu, hata Mahakama ya Rufaa, zikaanza kuwapunguzia adhabu wafungwa wa wizi wa mabavu pia, mtu anaingia na kifo, anatoka na miaka 15 au 20. Kisha Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ikarudi na maelekezo: tulizungumzia mauaji peke yake. Anayetaka kupinga adhabu ya wizi wa mabavu aanze kesi yake chini na kuipandisha ngazi kwa ngazi.

Matokeo yake ni kichekesho kisichochekesha. Aliyemuua mzee wa Kiegoi ana haki ya kusikilizwa kabla ya adhabu, alikulia wapi, alikuwa amelewa au la, amejuta au la. Aliyemnyang'anya simu akamwacha hai anakutana na neno moja la sheria. Neno hilo kwa Kiingereza cha Kanuni ni "shall". Vifungu vingine vya wizi husema mtu "anaweza" kufungwa miaka kadhaa, na kifungu cha 26 kinampa hakimu ruhusa ya kushuka chini yake au kutoza faini. Hapa sheria haisemi anaweza. Waganda waliachana na ulazima huo mapema: Mahakama yao ya Juu ilimaliza kesi ya Susan Kigula mwaka 2009, na mwaka 2013 wakaandika mwongozo wa adhabu. Tanzania ilishika njia yake, miaka isiyopungua 30 kwa unyang'anyi wa silaha, ikamfunga hakimu wake mikono kwa kamba nyingine.

Lakini tuache vitisho. Kesi nyingi za Maua hazifiki huko. Ni miraa, mbuzi, simu, betri ya pikipiki, mabati yaliyong'olewa usiku. Na huko chini kwenye makosa madogo ndiko Kanuni inakoonyesha umri wake. Ilianza kazi mwaka 1930, na ukiisoma taratibu unaona ililinda mali ya nani. Kifungu cha 278 humpa mwizi wa mifugo hadi miaka 14, kisha kinataja wanyama mmoja mmoja: farasi, punda, ngamia, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe. Na mbuni. Mbuni yumo, kwa kuwa kulikuwa na walowezi waliofuga mbuni wakiuza manyoya kwa kofia za mabibi wa Ulaya. Kuku hayumo. Mwizi wa kuku anaangukia kifungu cha 275 pamoja na mwizi wa sufuria. Nimewahi kumweleza mama mmoja wa Laare kwamba kuku wake kumi na wawili hawahesabiki kuwa mifugo mbele ya sheria. Aliniangalia kama mimi ndiye niliyewaiba.

Na miraa? Mmea huu ndio karo, ndio mahari, ndio hospitali. Kitita cha ncoolo ndicho hufungua mazungumzo ya posa. Serikali yenyewe iliutambua rasmi kuwa zao mwaka 2016, baada ya Uholanzi na Uingereza kuufungia milango. Ipo Sheria ya Wizi wa Mifugo na Mazao, Sura ya 355, urithi mwingine wa wakoloni, na mara kwa mara waendesha mashtaka huikumbuka. Lakini hati nyingi nilizoshika husema tu "wizi, kinyume cha kifungu cha 275", thamani kadhaa. Thamani hiyo ni ya mabunda yaliyopatikana. Aliyelima miraa anajua kwamba hapo hasara haijaanza hata kuhesabiwa. Mvunaji huchuma ncha kwa vidole, akijua kipi cha kuacha. Mwizi ana dakika kumi gizani. Hukata matawi mazima kwa panga, kwenda kuchambua mbele ya safari. Mti uliokatwa hivyo unamnyima mwenyewe mavuno yanayofuata, pengine na ya baadaye. Kifungu cha 339, uharibifu wa mali kwa makusudi, kinabeba hadi miaka 5 na kingeweza kuandikwa kuwa shtaka la pili bila taabu. Sikumbuki mara ngapi nimekiona kikiandikwa pamoja na wizi wa miraa. Vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Lakini linalonikera kuliko yote ni la mnunuzi.

Miraa ikishakatwa ina kama siku mbili. Baada ya hapo imenyauka, nguvu imetoka, haina mteja. Maana yake iliyoibwa saa nane usiku lazima iwe imefungwa majani ya mgomba na kuingia kwenye magari kabla jua halijapanda. Mwizi hana gari. Hana mteja Eastleigh. Ana mtu mmoja tu, anayemngoja mahali fulani na taa ya simu, anayenunua kwa robo ya bei bila kuuliza mti ulikuwa wa nani. Sheria ilimwona mtu huyo zamani. Kifungu cha 322 kinampa anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14, karibu mara tano ya mwizi mwenyewe. Aliyekiandika alijua kwamba bila wa kupokea, wa kuiba angelala nyumbani.

Angalia sasa kifungu hicho kinavyotumika. Kwenye hati ya mashtaka utakikuta, tena mara nyingi mno, chini kabisa, kikiitwa shtaka mbadala. Kinaandikwa dhidi ya kijana yule yule: kama hatutathibitisha kwamba uliiba, basi tutasema ulipokea. Silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya tajiri wa sokoni imefanywa wavu wa pili wa kumnasia mchukuzi. Mnunuzi mwenyewe, akitajwa, hutajwa kama shahidi wa upande wa mashtaka: "niliona kijana ananiuzia nikashuku". Anatoa ushahidi, anarudishiwa nauli, anarudi kazini kabla magari hayajaondoka.

Najua waendesha mashtaka watasema nini. Kuthibitisha kosa la mpokeaji ni kazi: lazima uonyeshe alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba mali ni ya wizi. Sawa. Lakini mtu anayenunua miraa saa kumi za usiku, ikiwa bado kwenye matawi, kwa robo ya bei, kutoka kwa kijana asiye na hata mti mmoja, anahitaji kuambiwa nini zaidi? Kesi kama hiyo inataka upelelezi wa wiki mbili badala ya maelezo ya dakika mbili. Tofauti ni hiyo tu.

Turudi kwa kijana wetu aliyesema ni kweli. Mwongozo wa adhabu uliotolewa na Idara ya Mahakama mwaka 2016 ulimpendekezea hakimu aanzie nusu ya adhabu ya juu, kisha apande au ashuke kwa kutazama yanayoongeza uzito na yanayoupunguza. Kwa wizi wa kawaida nusu ni miezi 18. Kwa kuvunja nyumba usiku, ambako juu ni miaka 10, nusu ni mitano. Kwa mbuzi, saba. Mwongozo ulisema pia kwamba gereza liwe la mwisho kufikiriwa, na ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2023 msimamo huo uliendelea. Nje ya gereza kuna faini, kuna uangalizi wa afisa wa probesheni, na kuna kifungo cha nje chini ya sheria ya mwaka 1998, ambacho hakimu anaweza kukitumia kila anapoona kosa halistahili zaidi ya miaka 3.

Faini ndiyo hupendwa, kwa kuwa ni nyepesi kuandika. Ni hapo pia makosa ya kisheria hujaa. Kifungu cha 28 kimeweka kipimo: faini isiyozidi shilingi 15,000, kifungo cha kushindwa kulipa hakipiti miezi 3, isiyozidi 50,000, miezi 6, juu ya hapo, miezi 12. Bado nimesoma hukumu zisemazo "faini 20,000 au mwaka mmoja". Hiyo ni kinyume cha sheria waziwazi, na Mahakama Kuu huirekebisha bila kusita, ikifikishiwa. Lakini nani aifikishe? Kijana hajui kifungu cha 28, na kufikia wakati barua ya rufaa imefika Meru mjini kutoka gerezani, yeye amekwisha kumaliza miezi ile ya haramu. Kifungu hicho hicho kinasema faini isiwe ya kupita kiasi. Kwa mtoto wa mwenye miti mia, 20,000 ni za mvua moja. Kwa kibarua wa kuchuma, ni kifungo kilichovishwa jina la faini.

Kifungo cha nje ndicho kinachostahili sifa, na ndicho kinachochukiwa zaidi vijijini. Kinaanza na ripoti. Afisa wa probesheni hupanda bodaboda mpaka kwao kijana, huongea na chifu, na mzee wa Nyumba Kumi, na mama, na jirani aliyeibiwa. Nimesoma ripoti za namna hiyo zilizoandikwa kwa mkono ambazo zingemfaa mwandishi wa riwaya: baba alikufa lini, shamba liligawanywaje, kijana aliacha shule darasa gani na nani alimwambia aache. Hakimu akiwa na ripoti nzuri, huhukumu mtu. Akikosa, huhukumu kifungu.

Shida huja kesho yake. Mwenye shamba anapita kambi ya chifu na kumwona mwizi wake anafyeka nyasi huku anapiga mluzi. Hakuna aliyemweleza kwamba ile ni adhabu. Kwake, ameachiliwa. "Amehonga," atasema, na huo ndio mwanzo wa jambo baya. Huku kwetu mwizi wa miraa akishikwa shambani usiku, wapo ambao hawakufika kituoni. Wanaoandika kutoka mbali huita hilo hasira za umati. Mimi nimekaa na wanakijiji hao, na mara nyingi nimekuta hesabu ndani ya hasira. Nikimpeleka, wanasema, nitapoteza siku tano za kazi nikienda mahakamani, atalipa faini kwa serikali au atafyeka nyasi, nami sitapata hata bunda moja. Siitetei hesabu hiyo, ni mauaji. Nasema tu kwamba sehemu yake moja, ile ya bunda, ni sahihi kabisa.

Faini huenda serikalini. Aliyepoteza mali haguswi na hata senti. Na hapa siwalaumu watunga sheria, maana kifungu cha 31 cha Kanuni hiyo hiyo kipo tangu zamani, kifupi, kisicho na utata: mtu aliyepatikana na hatia anaweza kuamriwa kumlipa fidia aliyeumizwa na kosa lake, juu ya adhabu nyingine au badala yake. Badala yake! Sheria ya mwenendo wa jinai ina vifungu vya kurudisha mali. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa mlalamishi sauti, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha sauti hiyo mwaka 2020 katika kesi ya Waswa. Vifaa viko vyote karakanani. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama na kusema, "Mheshimiwa, kabla hujaandika faini, tunaomba fidia, na hii hapa hesabu ya matawi yaliyokatwa." Mtu huyo ni mwendesha mashtaka. Yeye ndiye anayeulizwa na hakimu kuhusu rekodi ya mshtakiwa, na kila mara hujibu, "Hana rekodi ya awali," kisha huketi.

Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, huanzia pale pale mahakama inapoishia. Mbele yao swali la kwanza huwa ni kilichopotea na kitakavyorudi, iwe kwa mbuzi, kwa ndume, au kwa ahadi ya ukoo mzima. Serikali ya kikoloni iliona nguvu hiyo. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, aliipa Njuri nafasi katika utawala. Ndiye huyo huyo Lambert ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake vya lahaja. Siku hizi familia mbili zikikutana mbele ya wazee na kumalizana, mlalamishi hurudi mahakamani kuomba kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa jinai. Waendesha mashtaka hugawanyika. Wengine hukataa kata kata: wizi ni kosa kubwa kisheria, na kifungu cha 176 cha sheria hiyo hiyo kinachohimiza upatanisho kinahusu makosa madogo tu. Wengine hunyanyua kifungu cha 159 cha Katiba, kinachozitaka mahakama ziendeleze njia za jadi, na Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki iliyozinduliwa mwaka 2020. Wote wawili wana sheria mkononi.

Mimi nipo na hawa wa pili, kwa sharti. Nimeona makubaliano ambapo maskini aliambiwa asamehe kwa sababu mwizi alikuwa mtoto wa mkubwa, na nimeona mjane akiketi nje ya uwanja wakati shamba lake linazungumziwa ndani. Katiba hiyo hiyo inasema njia za jadi zisikanyage haki za mtu. Makubaliano yaletwe mahakamani yakiwa yameandikwa, hakimu amwite mlalamishi peke yake amuulize kama ameridhika au ameridhishwa.

Niliwahi kumtetea kijana katika wizi wa miraa, mahakama siitaji. Alikiri. Nikaomba kifungo cha nje na fidia, nikapata faini. Mama yake alikuwa nje kwenye ngazi, akatoa simu kifuani, akalipa shilingi zote kwa M-Pesa pale pale. Nikashangaa, maana wiki moja kabla alikuwa hana nauli ya kuja kunipa maelezo.

"Mama, umepata wapi?"

"Nimekodisha miti yangu. Mvua mbili."

"Kwa nani?"

Alinionyesha kwa kidevu mtu aliyekuwa ameegemea pikapu upande wa pili wa barabara, anatafuna, amevaa koti zuri. Nilimfahamu. Jina lake lilikuwa katika maelezo ya kijana kule kituoni, mstari wa nne kutoka chini, ndiye aliyekuwa anunue mzigo ule alfajiri.

Mzee mwenye shamba alikuwa ametoka mahakamani nyuma yetu. Akasikia mlio wa ujumbe ulioingia kwenye simu ya mama. Akanigusa bega.

"Wakili, hiyo pesa imeingia wapi?"

"Serikalini, mzee."

Alitazama simu, akatazama pikapu, akavaa kofia yake. Aliniuliza kama ninaelekea Maua, kwa kuwa nauli yake ilikuwa ya kuja tu.